Kidari cha sendofu: kisa cha smoka ya kuni kilichotokea Dar

Usuli

Mwenye jiko tumwite Anko, maana ndivyo anavyoitwa na mhusika wa pili, mtoto wa dada yake, ambaye hapa atakuwa Kijana. Majina, mtaa na tarehe nimeviondoa, na wote wawili wameisoma hii kabla sijaiachia. Mimi napikia shughuli za watu na nilipigiwa simu siku hiyo mambo yakiwa yameshaharibika nusu, kwahiyo sehemu ya mwanzo nimeichukua kwao na kwenye daftari la Kijana, sehemu ya mwisho nimeiona mwenyewe.

Anko ni mtu wa makamo, ana uwanja mzuri nyuma ya nyumba huko pembezoni mwa jiji, na Jumapili yake ni mbuzi, ndimu na stori. Akaanza kuangalia video za wachomaji wa Texas, wale wanaopika kidari kizima cha ng'ombe kwa moshi wa mwaloni usiku kucha mpaka kinakatika chenyewe, akasema na mimi nataka hiki kitu hapa kwangu.

Kwa asiyeijua hii smoka, ni pipa limelazwa, ubavuni mwake kimeungwa kiboksi cha moto, na upande wa pili kuna bomba la moshi. Moto hauko chini ya nyama kama kwenye choma yetu, uko chumba cha pili, joto na moshi vinavutwa vinapita juu ya nyama vinatokea bombani. Kinachovuta ni hewa ya moto inayopanda ndani ya bomba. Ukiziba bomba hujabakiza moshi, umeunyima moto pumzi.

La Anko lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea: pipa la lita 200, kiboksi cha bati la milimita 3, bomba la inchi 3. Kuna mambo mawili Anko aliyafanya vizuri sana na watu wengi wanayaruka. Pipa lilikuwa la mafuta ya kula, sio la kemikali, na alisimamia mwenyewe likichomwa moto mkali mpaka rangi yote ya nje na utando wa ndani ukaisha. Na fundi alipotaka kumtengenezea wavu wa nondo zilizopakwa zinki akakataa, maana zinki ikipata moto mkali inatoa moshi unaoweza kukulaza na homa. Ila pipa ni bati jembamba, kama milimita moja tu, halishiki joto. Mfuniko ulikuwa unavuja pande zote na bomba lilikuwa fupi. Yale majiko ya Texas mengi yana chuma cha milimita 6, upepo ukipiga wala hayashtuki. Hili la kwetu upepo wa kusi ukigonga tu, joto linashuka unaliona kwenye geji.

Kukawa na sendofu ya binti wa ukoo. Anko yuko kamati ya chakula, wageni 80, pilau na kuku vya mama mmoja anayepika shughuli. Kwenye kikao akatangaza atakuja na sapraizi ya nyama ya moshi. Kabla ya hapo jiko alikuwa amelipikia kuku na mbavu, kidari hajawahi.

Maandalizi

Hesabu ilikuwa gramu 300 kwa mtu, watu 80, kwahiyo kilo 24. Wakaagiza bucha kidari kizima, vipande vinane vya kama kilo tatu tatu. Hapa kama unaishi Dar unajua shughuli yake. Bucha zetu nyingi nyama inakatwa kwa panga na mfupa wake, inapimwa, basi, ukitaka kipande kizima kama kilivyo lazima uweke oda mapema na umsimamie mkataji. Sita vikaja vizima, viwili vimeshapigwa panga katikati kwa mazoea ya mkono.

Kuni zilinunuliwa kwa muuza kuni wa barabarani. Mwembe uliokatwa kwenye kiwanja kinachojengwa, wiki chache tu nyuma, masika ndo yameisha. Ndani ya mzigo kulikuwa na magogo ya mkaratusi na vipande vya mbao za msonobari, hakuna aliyevitoa. Kijana anasema aligonga kuni mbili pamoja zikatoa mlio mzito, sio ule mlio mkavu wa kuni iliyoiva, lakini alidhani moto utazikausha zenyewe.

Mpango ulikuwa kuwasha saa kumi na mbili asubuhi, nyama iingie saa mbili, itoke saa kumi na mbili jioni. Masaa waliyatoa kwenye video.

Siku yenyewe

Mkaa ukashika vizuri, kuni zikawekwa juu, ukatoka moshi mweupe mzito kama wingu. Kila aliyekuwepo akafurahi, maana si jiko la moshi hili. Magogo yakawa yanatoa povu na maji kwenye ncha huku yanalia sss. Nyama ikaingia yote kwa pamoja, vipande vinane vimebanana kwenye wavu, hakuna hata upenyo wa vidole viwili kati ya kimoja na kingine.

Saa nne jirani akatokea ukutani. Jumamosi ile, mashuka yote yako kambani. "Baba, hata kama ni sherehe jamani, mashuka yangu yote yananuka kama samaki wa ngonda!" Anko akaomba radhi, akamtuma Kijana akasaidie kuanua, akaahidi sahani ya nyama jioni. Lilimalizika hapo, na nasema lilimalizika kwa sababu aliomba radhi papo hapo, nimeona kisa kingine kama hiki kilichofika kwa mjumbe.

Mchana daftari la Kijana linasoma hivi, namba zote ni digrii za Selsiasi:

Saa 5:00, jiko 150, nyama 51.
Saa 6:00, jiko 95, nyama 60. Wamefungua wapige picha.
Saa 7:00, jiko 110, nyama 68.
Saa 8:00, jiko 115, nyama 69.
Saa 8:40, jiko 115, nyama 69.

Hizo 68, 69, 69 ndo zilizomtoa Anko jasho. Jiko liko kwenye joto linalotakiwa, nyama haipandi. Akaamua moto ni mdogo. Akashindilia kuni kiboksi kikajaa, akafunga bomba nusu ili moshi "usipotee bure." Kijana akamwambia, "Anko, mimi naona kama tufungue bomba." Akajibiwa, "Sasa moshi wote si utaisha? Tumenunua kuni za nini?" Kijana akanyamaza. Ndani ya nusu saa moto ukafifia, magogo yakawa yanafuka tu bila ndimi, moshi ukabadilika rangi ukawa wa manjano manjano, na jiko likashuka mpaka 85.

Saa tisa na nusu nikapigiwa simu, na nikafika karibu na saa kumi.

Maamuzi ya saa kumi

Kabla sijagusa kitu nilikata kipande chembamba pembeni nikaonja. Chungu, na ulimi ukaanza kufa ganzi kidogo. Hiyo ganzi ni dalili ya masizi ya kuni mbichi, kriosoti, imelala juu ya nyama. Nikachana katikati nikaonja tena, ndani pako salama, chumvi nzuri, ila pagumu kama raba. Kwahiyo tulikuwa na nyama iliyoharibika juu tu na haijaiva ndani, hiyo inatibika.

Bomba likafunguliwa lote, magogo yanayofuka yakatolewa yakazimwa kwa mchanga. Tukaweka mkaa mwingi uliokolea kwenye kiboksi na hatukuongeza kuni tena. Anko hakupenda, akauliza sasa hiyo si inakuwa choma ya kawaida. Nikamweleza nyama imeshakunywa moshi kutwa nzima, mwingi kuliko inavyohitaji, kuanzia sasa inachotaka ni joto tu na joto halijali limetoka kwenye nini.

Vipande sita tukavifuta kwa kitambaa chenye maji moto na siki, tukavifunga kwenye foili mara mbili, kila kimoja na upawa wa supu ya mifupa ndani yake. Viwili vilivyokuwa karibu na kiboksi vilikuwa vimepigwa masizi mpaka vinang'aa, hivyo tulichuna ngozi yote ya nje, tukakata vipande, tukampelekea mama wa pilau akapiga rosti la nyanya na hoho. Alicheka sana yule mama. "Nyama ya Marekani inaishia kwangu."

La mwisho lilikuwa la kamati, na kwangu ndo lilikuwa zito kuliko yote. Anko alitaka chakula chote kisubiri nyama. Nikamshauri ampigie mwenyekiti, pilau litoke kwa ratiba, nyama ije baadae kama kionjo kinapitishwa mezani. Alifikiri muda mrefu kidogo, maana alishajitangaza. Akapiga.

Matokeo

Ndani ya foili joto la nyama lilianza kupanda tena kabla hata ya lisaa. Saa mbili usiku vipande vinne vilikuwa 93 na kijiti kinapita bila kukwama, viwili bado vinabisha tukavirudishia mkaa. Vilivyoiva tukaviweka kwenye deli tupu la barafu, tumeviringisha mataulo, vikapumzika humo bado vya moto. Deli likifungwa vizuri nyama inakaa juu ya digrii 60 kwa masaa, na chini ya hapo sitaki kuona nyama ya shughuli ikisubiri.

Ukumbini tulikata saa tatu na nusu, kinyume cha nyuzi, vipande vyembamba. Kilichobaki baada ya kuchuna na kusinyaa kilikuwa kama kilo 13, na hapo nahesabu na lile rosti. Mzee mmoja akashika kipande, akakiangalia ule wekundu pembeni, akakirudisha sahanini. "Mwanangu, rudisheni hii jikoni, damu naiona." Meza yake yote ikaacha. Kijana, na hapa nampa sifa zake, hakubishana, akachukua sinia lao lote akalipitisha dakika mbili juu ya mkaa mkali wa jiko la kuku, likapata rangi ya choma, akarudi nalo na ndimu, pilipili na kachumbari. Likaisha. Meza za vijana zilikula vilevile kama ilivyo na wakaomba nyongeza ambayo haikuwepo.

Uchambuzi: moto

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanaenda moja kwa moja kwenye viungo au kwenye jiko, ila kwangu asilimia kubwa ya tatizo ilikuwa kuni. Kuni ya smoka inatakiwa iwe na maji chini ya asilimia 20, mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na nusu ya uzito wake maji matupu. Moto unatumia nguvu kuchemsha yale maji kwanza, joto la kuungua halifikiwi, gesi za kuni zinatoka bila kuungua zinaenda kuganda kwenye nyama. Moshi mzuri karibu hauuoni, ni wa bluu hafifu, unausikia puani zaidi ya kuuona. Ule mweupe mzito unaopendeza kwenye picha ndo unaoharibu.

Mwembe sina ugomvi nao, ukikauka vizuri unatoa moshi mtamu wa wastani, mpera na mchungwa pia. Mkaratusi una mafuta yake makali na msonobari una utomvu, vyote viwili vinaleta uchungu na masizi. Mbao za mabaki ya ujenzi na nguzo zilizopigwa dawa usiweke kabisa, hiyo ni sumu na sio suala la ladha. Mikoko kuna wanaoisifia ila ile ni misitu ya hifadhi, tuiache.

Kwa Dar kukausha kuni kuna shida yake, hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Pasua ndogo, unene wa mkono hivi, panga juu ya matofali isiguse chini, bati juu tu na pembeni wazi upepo upite. Miezi kadhaa. Ukiona ncha zimepasuka nyufa na gome linabanduka lenyewe, hapo uko karibu.

Uchambuzi: zile 69

Hili ndilo lililozaa kosa la bomba. Nyama kubwa ikifika kati ya digrii 65 na 75 inasimama, saa moja, mbili, hata zaidi. Sio kwamba moto mdogo. Maji yanatoka ndani ya nyama yanavukia juu yake na yanaipooza kwa kasi ileile jiko linavyoipasha, ni kama mtungi wa maji unaokaa baridi kwenye upepo. Dawa ni mbili tu, kusubiri unyevu wa juu uishe, au kufunga foili ili mvuke usitoke. Anko hakujua hili jambo lipo, kwahiyo daftari lililokuwa linamwambia kila kitu kiko sawa yeye alilisoma kama taarifa ya msiba.

Na kufungua fungua mfuniko kulichangia. Pipa la bati jembamba ukilifungua limeshapoteza joto lote, linachukua robo saa kurudi, halafu geji ya mfunikoni inasoma hewa ya juu wakati nyama iko chini kwenye wavu. Upande wa kiboksi na upande wa bomba zinaweza kupishana digrii 30 au 40 na usijue. Kwa wingi ule wa nyama hewa haikuwa na pa kupita, ndo maana viwili viliungua masizi na vya mwisho vilichelewa.

Uchambuzi: ng'ombe wa kwetu

Masaa ya Texas ni ya ng'ombe wa Texas. Kule kidari kizima ni kilo tano mpaka nane, kina mafuta ndani ya nyama, ng'ombe kalishwa nafaka na kachinjwa akiwa na mwaka na nusu mpaka miwili hivi. Zebu wetu, yaani ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, ametembea kutafuta majani na maji, amechinjwa mkubwa, kidari chake chembamba na mafuta machache. Ng'ombe akiwa mtu mzima ile kolajeni inayoshikilia nyama inakuwa imejifunga zaidi, inahitaji muda mrefu kuyeyuka, huku mafuta ya kumlinda asikauke hakuna. Kwahiyo nyama yetu inataka masaa mengi na haina cha kuilinda kwa hayo masaa. Ndo sababu mimi kwa kidari cha bucha ya kawaida nafunga foili mapema, ikigonga 65 tu, na supu ndani. Wale wanaosema foili ni uoga wapike zebu kwanza. Ukipata ng'ombe wa ranchi aliyenenepeshwa, hadithi ni nyingine.

Hesabu nayo ilikosewa hapohapo. Kidari cha moshi kinapoteza karibu asilimia 40 ya uzito, na ukichuna mafuta na utando kabla inazidi. Ukitaka gramu 300 sahanini nunua nusu kilo mbichi kwa mtu.

Uchambuzi: wekundu na ukubwa

Ule wekundu wa pembeni sio damu. Gesi za moto wa kuni zinashikana na rangi ya nyama inabaki nyekundu hata ikipikwa kutwa. Unaweza kumweleza mzee hivyo usiku ule ukumbini na usifike popote. Kijana alivyofanya ni bora kuliko maelezo yoyote, na kwa shughuli zenye watu wazima sasa hivi naweka kabisa mkaa pembeni wa kumalizia.

Sasa kuhusu bomba. Kijana aliona kosa saa moja kabla ya simu yangu. Alisema mara moja, akajibiwa, akanyamaza, na kwa malezi yetu alifanya sawa, hutabishana na mjomba wako mbele ya wageni kwenye uwanja wake. Lakini jiko likawa na mtu mmoja anayesoma namba na mwingine anayeamua bila kuzisoma. Nilichowashauri ni wakubaliane siku moja kabla nani ana moto. Mwenye moto ndiye anayegusa bomba na kuni, na mkubwa akae na wageni kama ilivyo stahili yake.

Lililofanya kazi kuliko yote ni kwamba kulikuwa na pilau. Nyama ile ingekuwa chakula chenyewe, kamati ingekuwa na kesi nyingine.

Baada ya hapo

Jiko halikutupwa. Fundi amebadilisha bomba, sasa ni inchi 4 na refu zaidi, linaanzia usawa wa wavu. Mfuniko umepigwa ukingo wa chuma usivuje, na bati limewekwa ndani kuzuia moto wa kiboksi usipige nyama ya kwanza. Geji mbili ziko usawa wa wavu, ya mfunikoni imeachwa kama pambo. Kuni za mwembe ziko chini ya bati zinakauka, na kwa sasa wanapika kuku na mbavu za mbuzi, vitu vinavyomaliza ndani ya masaa machache na havihitaji uvumilivu wa kidari.

Anko ameshaanza kuulizwa oda na watu waliokuwepo. Nimemwambia kama anataka kufanya biashara kubwa aulize kwanza manispaa, maana serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, asije akajenga jiko la pili halafu akakuta mlango umefungwa. Oda ya kidari amekubali moja, ya mwezi ujao, kilo 10 tu. Moto utawashwa saa nne usiku na daftari atalishika Kijana.